Picha ya mzee iliyochapwa kwa mtindo wa Rembrandt: je, ni ghushi? Naomba ushauri

Mwanajamvi Ughaibuni: Wanajamvi, salaam. Nimenunua hapa Uingereza picha ndogo ya mzee mwenye ndevu na kofia ya manyoya, iliyochapwa kutoka bamba la shaba. Muuzaji alisema ni ya mtindo wa Rembrandt, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, lakini chini yake nasoma jina T. Worlidge. Kaka yangu anasisitiza kwamba nimeuziwa ghushi na kwamba niirudishe. Naomba ushauri.

Mchapaji: Ndugu, usiirudishe kwa sababu hiyo. Ghushi huuficha mkono ulioitengeneza, ilhali hii ina jina la mwenyewe. Thomas Worlidge, aliyezaliwa Peterborough mwaka 1700 na kufariki 1766, hakuwahi kuonana na Rembrandt, aliyefariki 1669. Ila aliishi wakati ambapo matajiri wa Uingereza walizikusanya chapa za Mholanzi huyo kwa shauku, naye akamfuata waziwazi.

Ninachotaka ukichunguze ni wakati ilipochapwa, maana bamba huweza kuendelea kuchapa hata mchoraji akishafariki. Chukua lenzi uangalie manyoya ya kofia na kivuli cha shingo. Worlidge, kama Rembrandt, alipenda kukwaruza shaba kwa sindano bila kutumia tindikali. Sindano hiyo huinua kingo za shaba kando ya mkwaruzo, kingo hizo hushika wino, na karatasini weusi hutoka mzito na laini kama mahameli. Kwa kuwa kila mkandamizo wa mashine huzisaga, nakala za mwanzo ndizo huwa na weusi huo. Katika zinazofuata mistari hukauka na kupauka.

Mpenda Karatasi: Iinue pia mbele ya dirisha. Karatasi ya enzi hizo kwa kawaida huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mingine iliyoachana. Usipoiona, shuku kwamba ni nakala ya baadaye. Na tafadhali, usipunguze ukingo hata kama umechakaa, kwa sababu mbonyeo wa bamba, yaani alama ambayo kingo za bamba huacha karatasini, ni sehemu ya ushahidi.

Mwanajamvi Ughaibuni: Ahsanteni sana. Mistari ipo, na weusi wa kofia ni mzito, ila kwenye ndevu umefifia. Nibaki na fremu yake ya zamani?

Mchapaji: Fremu ibaki, lakini kadibodi ya nyuma ibadilishwe, kwani kadibodi za zamani hutoa asidi inayoifanya karatasi iwe ya manjano. Mwambie fundi atumie isiyo na asidi, wala asiigandishe picha kwa gundi. Kaka yako naye azitazame chapa za Worlidge kwenye tovuti ya British Museum.