Mrejesho: meno ya bandia ya mama

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mama, ambaye hana jino hata moja, achukue meno ya bandia ya kuchapishwa kwa printa ya 3D au yale ya siku zote ya akriliki (plastiki ngumu). Tulichukua ya kuchapishwa.

Kipimo bado kilichukuliwa kwa rojo inayoganda ikiwekwa mdomoni, kisha ndicho kikapigwa skani. Fundi akapanga meno kwenye kompyuta, akachapisha kwanza seti ya majaribio. Mama akaivaa, akaambiwa ataje "sitini na sita" mara kadhaa wasikilize "s" inavyotoka. Meno ya juu yalikuwa marefu, midomo haifungi. Fundi akarekebisha kwenye faili tu, hakuanza upya kupanga meno kwenye nta kama inavyofanywa kwa yale ya akriliki. Hapo ndipo niliona tofauti.

Seti halisi, fizi za bandia na meno vilichapishwa kila kimoja peke yake, vikaunganishwa na kukazwa kwa mwanga maalumu. Ya juu imeshika vizuri sana. Ya chini bado inacheza, na hilo si kosa la printa: mfupa wa taya umelika miaka mingi. Ilimchubua upande wa kushoto, wakaisugua sehemu hiyo.

Faili limehifadhiwa, kwa hiyo yakidondoka na kuvunjika wanachapisha mengine. Jana amekula muhogo wa kuchemsha, polepole, akitafuna pande zote mbili. Asanteni sana.