Tabora hatuukimbii muziki wa okestra, ninyi ndio mnaotufungia mlango

Ndugu wanajukwaa,

Nimesubiri wiki mbili ili hasira ipoe kabla sijaandika, lakini haikupoa. Mimi ni mpiga tarumbeta na mwimbaji wa besi katika kwaya moja ya hapa Tabora mjini, upande wa Isevya, na malalamiko yangu yanawahusu waandaaji wa tamasha la muziki wa klasiki lililofanyika katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Sitawataja, wenyewe wanajijua.

Mwezi mmoja kabla ya tamasha walikuja kanisani kwetu wakatuomba tujiandae kuimba Aleluya Kuu ya Handel pamoja na okestra iliyokuwa inatoka nje ya mkoa. Tulifurahi mno. Wimbo huo si mgeni kwetu. Tunauimba kila Pasaka kwa sauti nne, na wazee wetu waliuimba kabla yetu, wengine wakiusoma kwa tonik solfa, yaani do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi, bila kuwahi kuona mistari mitano ya nota. Hata hivyo tulichanga fedha tukadurufu nakala mpya 36, tukafanya mazoezi kila jioni, na mama mmoja wa sauti ya alto alikuwa akifunika meza yake ya dagaa wa Kigoma mapema, saa ambayo wateja ndio kwanza wanatoka kazini. Sisi wa matarumbeta tulizing'arisha ala, tukavitia vibonyezo mafuta ya cherehani, na trombone yetu yenye tundu tukaifunga upya kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Siku yenyewe tulipofika tukaambiwa kwamba ratiba imebadilika: tutapiga matarumbeta nje wakati wageni wanashuka kwenye magari, kisha "mtapumzika". Kupumzika maana yake ilikuwa tuondoke, kwa sababu kuingia ndani kulihitaji kadi, na kadi ilikuwa shilingi 50,000. Kijana wetu wa ngoma kubwa alijaribu kuingia kunywa maji, akarudishwa mlangoni kwa kuwa amevaa kandambili, ingawa robo saa tu iliyopita alikuwa akiwapigia wageni haohao, na kandambili zake walikuwa wameziona.

Hatukuondoka. Tulisimama chini ya mwembe karibu na dirisha, na hapo ndipo nilipoona kilichoniudhi kuliko yote: zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu, vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni za dhahabu, safu kwa safu, kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyoalikwa. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akawashukuru wachache waliofika, akaongeza kwamba wananchi wa Tabora bado hawajaufikia muziki wa aina hii. Hawajaufikia! Watu 36 wanaoujua wimbo huo bila kushika karatasi walikuwa hatua kumi kutoka alipokuwa amesimama. Okestra ilipoanza Aleluya, yule mama wa dagaa aliingia na alto yake palepale dirishani, nasi tukamfuata kwa sauti ya chini, mpaka mlinzi alipokuja kutunyamazisha. Tulikuwa tumekaribia pale ambapo besi huanza peke yake "naye atatawala", sehemu niliyoifanyia mazoezi mwezi mzima.

Ndugu waandaaji, muziki huu mnaoulinda dhidi ya kandambili mnaujua kwa sura tu. Masihi ya Handel, ambayo ndimo ilimo Aleluya hiyo, ilipigwa kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, na lilikuwa onyesho la hisani: mapato yalikwenda hospitalini na kulipia madeni ya watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa, na wafungwa 142 wakatoka. Kwa kuwa watu walitarajiwa kuwa wengi kuliko nafasi, wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa fremu za duara, na wanaume waache panga zao nyumbani. Wao walipunguza mavazi ili watu waenee, ninyi mkapunguza watu ili mavazi yapendeze.

Wala msiniambie kwamba okestra ni jambo la Ulaya lisiloota kwetu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaiona milima yake kwa macho, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mjini Kinshasa mwaka 1994. Wengi wa wapigaji walianza bila kujua nota, violini zikiwa chache wakapokezana, na waya wa breki ya baiskeli ukawahi kufanywa uzi wa violini. Nilipousoma mkasa huo niliitazama trombone yetu nikacheka peke yangu. Okestra hiyo imefika kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na wanaoipiga ni watu wanaotoka kazini na sokoni jioni. Nairobi nako, watoto wa mtaa wa mabanda wa Korogocho wamekuwa wakifundishwa ala hizi tangu mwaka 2008. Na Zanzibar, ambako kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, violini imezoeleka katika taarabu kiasi kwamba hakuna anayeuliza ilitoka wapi.

Kwa hiyo okestra ikija tena Tabora, ifanye mazoezi na kwaya za hapa siku mbili tatu kabla, ipige hata mara moja mahali pasipo na mlango, na kabla ya kununua riboni tununulieni vibonyezo viwili vya tarumbeta. Na yule mshereheshaji aje aombe radhi kwa kipaza sauti kilekile.

Nakala zetu 36 tumezihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, panya wasizifikie. Jumamosi tuna harusi mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, na bibi harusi, ambaye ni binti wa yule mama wa dagaa, ameomba tupige Aleluya Kuu juu ya gari kutoka kanisani hadi nyumbani. Kijana wa ngoma kubwa atakuwepo, na kandambili zake.