MJADALA: Msizi wa Amani ukatwe wote au uachwe?

Mwana Muheza:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna ubishi hauishi kila watu wa Muheza wakikaa na watu wa misitu, nikaona niulete hapa tuuchambue. Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, umejaa msizi, ule mti mrefu ulionyooka ambao kitaalamu ni Maesopsis eminii, na asili yake sio pale. Kuna wanaosema ufyekwe wote msitu urudi ulivyokuwa, kuna wanaosema ushakuwa mwenyeji uachwe. Mimi napinga kuufyeka kwa mkupuo, ngoja niseme kwa nini.

Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani 1902 wakawa wanajaribu kila kitu, kwinini, mpira, kahawa, miti ya kila pembe ya dunia, na msizi nao ukaletwa enzi hizo hizo kabla ya vita ya kwanza. Ukakaa kimya miaka mingi tu. Baadae miti mikubwa ya asili ikaanza kukatwa, na miaka ya 60 na 70 watu wa misitu wenyewe wakapanda msizi kule Kwamkoro kuziba palipokatwa maana unakua haraka. Halafu ndo ikaja ile kasi ya mwishoni mwa 70 na 80, magogo yanashuka mpaka Tanga Sikh Saw Mills, kiwanda kilichokuwa kinapewa msaada na Finland, na Finland hao hao baadae wakatoa hela ya kuhifadhi huo huo msitu, hapo huwa nacheka peke yangu. Hifadhi yenyewe imetangazwa 1997 msitu ushatoboka toboka.

Sasa msizi unapenda nini, unapenda tobo. Hondohondo anakula tunda, anavuka bonde, anaangusha mbegu, ikikuta mwanga inapanda juu kama imeitwa. Ikikuta msitu umefunga mche unadumaa unakufa. Kwa hiyo ukifyeka yote leo umefungua matobo mengine na hondohondo bado wapo, unatwanga maji kwenye kinu.

Bukoba Damu:
Mkuu huo mti mnaoutukana kwetu Kagera ni mwenyeji tangu na tangu, mbao tunapasua, na Uganda wanauacha kwenye mashamba ya kahawa kwa kivuli. Nchi ni moja hii hii, mti ukihama mkoa unageuka adui? Mbona chai mliyopanda milima ile ile hamuisemi, nayo kaileta mzungu na imekula msitu kuliko msizi.

Binti wa Misitu:
Kaka Bukoba, mimea haisomi ramani ya mikoa. Kati ya Kagera na Tanga pana nchi kavu kubwa ambayo msizi usingeivuka wenyewe, ndo maana Usambara imekaa peke yake muda mrefu ikawa na mimea na viumbe ambavyo havipo kwingine. Na chai haijipandi msituni, ipo kwenye mistari yake. Tofauti ndo hiyo.

Mimi nipo upande wa kuuondoa, samahani Mwana Muheza. Kuna watafiti wa misitu kina Hamilton na Binggeli waliuandika huu mti miaka ya 80, sio jambo jipya. Ingia kwenye kipande chenye msizi mtupu uangalie chini. Majani yake yanaoza upesi hivyo hamna lile godoro la majani, udongo uko wazi, mvua ikipiga unaona mizizi ya juu imeoshwa, na miche ya miti ya asili kama msambu ni ya kutafuta. Unasema unangoja msitu ufunge wenyewe, utafungwa na nini kama miche haipo? Na si lazima uangushe mti, unabandua gome kuzunguka shina unafia umesimama, kivuli kinapungua taratibu.

Seremala wa Majengo:
Nyie wasomi mnabishana juu ya vivuli, sie tunaona mbao zinaoza msituni. Msizi ni mlaini, randa inateleza vizuri, kwa dari na ubao wa zege unafaa, ila ukiuweka nje mchwa wanaumaliza. Wape wanavijiji vibali wakate msizi TU, hela ibaki kijijini. Watu wa Derema, huko huko Usambara Mashariki, walitolewa mashamba yao ya iliki kupisha njia ya kuunganisha vipande vya msitu, walipewa fidia sawa lakini iliki ilikuwa kipato cha kila mwaka, fidia unapewa mara moja basi. Leo umwambie mtu huyo asiguse hata mti mgeni, atakuelewa?

Mwana Muheza:
Mzee Seremala, hoja ya hela naikubali kabisa ila chenso ikishaingia hifadhini nani atasimama kuangalia kama gogo lililoshuka usiku ni msizi au mvule? Tushaliona hilo.

Dada Binti wa Misitu, hilo la kubandua gome lina maana ila niseme kitu kimoja ambacho wengi hamkitaji. Lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo Baron von Saint Paul aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga alilipeleka Ujerumani 1892 na leo lipo madirishani Ulaya nzima. Kwetu linaota kwenye miamba kando ya vijito, majani yana manyoya, limeshika kwenye ukoga mwembamba ambao jua la siku chache tu linaukausha. Sehemu nyingine mti mkubwa uliobaki kulifunika ni msizi, basi. Ukiuua huo kabla hujaotesha mwingine wa asili pembeni, ua limekwenda na vichaka vya Clidemia, mmea mwingine mgeni, vinaingia. Mimi ningeanza na miche, wanavijiji walipwe kung'oa miche ya msizi na kupanda msambu chini ya ile mikubwa, mikubwa ife baadae sana.

Binti wa Misitu:
Walipwe na nani, kwa miaka mingapi? Miradi ya wafadhili tunaijua, inaisha kabla mche haujafika kiunoni.

Mwana Muheza:
Maji ya jiji la Tanga yanatoka mto Zigi, yanakusanywa Mabayani, na Zigi unaanzia milima hiyo hiyo. Kila anayelipa bili ya maji Tanga akatwe kidogo iende huko juu. Najua mtanirushia mawe.

Seremala wa Majengo:
Bili yenyewe tu hii ya sasa mtihani 😂 anza wewe kulipa.