Naomba ushauri: bushi mpya ya wishiboni inaingia upande

Habari za leo wakuu. Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, bushi (mipira iliyo ndani ya bomba la chuma) za wishiboni (mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu) ya mbele kushoto zimekwisha. Ukikanyaga breki usukani unavuta upande, na kwenye mashimo kuna mgongano wa chuma. Boljointi (kiungo cha mviringo kwenye ncha ya wishiboni) nimeitikisa kwa mtaimbo, ni nzima.

Wishiboni iko nje. Mpira wa zamani niliutoboa kwa drili ukatoka, kisha bomba la chuma la nje nikalikata taratibu kwa msumeno bila kugusa tundu. Shida ni kuingiza mpya. Sina presi (mashine ya kushindilia), natumia boliti ya milimita 14, washa nene na soketi mbili: ya kupokea ni pana kuliko bushi, ya kusukuma inakaa kwenye ukingo wa bomba, si kwenye mpira. Tundu nimelipiga msasa na kulipaka maji ya sabuni (grisi hapana, inaharibu mpira). Bado inaingia milimita 5 hivi, halafu inapinda.

Je, kuigandisha bushi kwenye friza usiku kucha kutasaidia, au nitafute presi tu kabla sijaharibu tundu?

La pili: najua nati za boliti zinazopita kwenye bushi hukazwa mwisho gari likiwa limebeba uzito wake, vinginevyo mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Lakini gari likiwa chini spana haifiki. Nikiinua wishiboni kwa jeki karibu na boljointi mpaka gari lianze kuachia stendi, ndipo nikaze, inatosha?