Kiingilio cha hifadhi za taifa ndio thamani yake?

mdadisi_tu: Wakuu naombeni msaada, nabishana na jamaa yangu anasema hifadhi ikikusanya kiingilio kidogo kuliko gharama ya kuiendesha basi ni hasara, bora ilimwe mahindi. Mi naona kuna kitu hakijakaa sawa ila kihesabu nashindwa kumjibu. Na kama thamani haiko getini, sasa watu wanatozwa ya nini?

mzee wa hesabu: Hapo jamaa kachemka. Mtu mpaka afike getini kashalipa nauli, kalala hoteli, kaacha kazi siku mbili, hiyo yote ni hela aliyokubali iende kwa sababu ya hifadhi ila kwenye risiti ya geti huioni. Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliwaandikia barua wasimamizi wa hifadhi za taifa Marekani akawaambia angalieni wageni wanatoka umbali gani na safari inawagharimu kiasi gani, humo ndio mtaipata thamani. Great Smoky Mountains haina kiingilio kabisa na ndio hifadhi ya taifa inayopata wageni wengi kuliko zote kule, kwa hesabu ya jamaa yako ile ni sifuri 😂

Kobe Mwendo: Sawa mkuu ila bure nayo kuna mtu anailipia. Vyoo vinajaa, njia zinamomonyoka, na anayebeba mzigo ni mlipa kodi ambaye pengine hata hajawahi kukanyaga huko. Hao hao Smoky tangu 2023 ukipaki gari zaidi ya dakika 15 unalipia

nyuki_mkali: Mnamsahau jirani wa hifadhi jamani. Mtalii anapiga picha tembo anaondoka, jirani ndo anakesha anagonga debe wasimalizie shamba lake. Rwanda 2017 walipandisha kibali cha kuona gorila kutoka dola 750 mpaka 1,500, na mgao wa wanavijiji kwenye mapato ya hifadhi ukatoka asilimia 5 ukawa 10. Kiingilio cha hivyo mi nakikubali, kisichofika kijijini ndo sikielewi. Halafu mito inayoanzia msituni mbona hakuna anayeitolea risiti?

mdadisi_tu: Asanteni wakuu. Naanza na hiyo ya nauli, maana huyo huyo jamaa kila likizo anafunga safari kwenda kuangalia simba