Mjadala: Ramani ya mazalia ya samaki ni ya nani, ya wenyeji au ya wote?

Mleta mada: Wakuu, tuchambue hili. Kule Kanada wenyeji asilia wa Mataifa ya Kwanza wana kanuni zao za tangu 1998, OCAP, kwamba taarifa zinazohusu jamii yao wanazimiliki wao, wanaamua nani azione na zikae wapi. Sasa kwenye uvuvi naona ndo penyewe: mzee anajua samaki wanazalia wapi, mtaalamu anakuja na GPS anachukua pointi, ramani inatupwa mtandaoni kwa jina la uhifadhi, alafu mwenye meli kubwa ndo anakuwa wa kwanza kufika. Mi nasema ramani ibaki kwa wenyewe.

Kaskazi: Sikubali. Samoni anazaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini, anarudi mtoni kuzaa, njiani kapita kwa jamii kibao. Kila jamii ikifungia daftari lake kabatini nani atajua wamebaki wangapi? Uhifadhi unataka namba, sio kumbukumbu za wazee. Kila mzee atakwambia zamani samaki walikuwa wengi.

Bintibahari: Hapo kwenye wazee umenigusa pabaya. Kasome habari za Alaska 1977, wataalamu walikaa ukingoni mwa barafu wakahesabu nyangumi kwa macho, wakaona wamebaki wachache mno, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikawapiga wenyeji marufuku kuwinda. Wawindaji wakasema jamani hamjahesabu wanaopita chini ya barafu na kule mbali. Miaka ikapita zikazamishwa maikrofoni majini, nyangumi wakasikika, hesabu ikapanda ikawa maelfu. Nani alikuwa hajui?

Kaskazi: Nyangumi sio samaki dada. Mada ni samaki.

Ngalawa: Hahaha kweli, yule ananyonyesha.

Bintibahari: Najua ananyonyesha, sijaja hapa kufundishwa baiolojia. Nimeongelea kuhesabu viumbe wa majini na nani anaaminiwa akisema. Jibu hilo.

Kaskazi: Mfano wako unanibeba mimi. Kilichowaokoa ni maikrofoni, yaani vipimo. Bila hivyo lingebaki neno lao tu.

Bintibahari: Na bila neno lao nani angejua kuna kitu cha kusikiliza chini ya barafu???

Dira: Hata papa nyangumi ni samaki, mnagombania jina tu.

Ngalawa: Tuache utani kidogo. Mimi hiyo kazi ya kukusanya takwimu nimeifanya, tunafika ufukweni asubuhi na fomu, tunapima samaki wa watu, tunamuuliza mvuvi kavua wapi na kwa nyavu gani, anatujibu kila kitu huku jua linampiga na wateja wanamsubiri, sisi tunaondoka. Ripoti ikatoka, mi mwenyewe niliiona kwenye kompyuta, wale wavuvi hawakurudishiwa hata karatasi moja, kitu walichoona ni tangazo la kufungiwa eneo. Mwaka uliofuata tumerudi wanatutajia sehemu za uongo. Ungekuwa wewe Kaskazi ungesema kweli?

Kaskazi: Hapo nakuelewa. Ila uongo huo si ndo unaharibu hesabu?

Ngalawa: Ndio unaharibu, na aliyeanza kuharibu ni nani?

Mleta mada: Mbona Marekani wameweza, jimbo la Washington, jaji Boldt 1984 aliwapa makabila ya wenyeji asilia nusu ya samaki.

Dira: 1974 mkuu, na sio samaki wote, ni nusu ya wanaoruhusiwa kuvuliwa, kwa mikataba ya makabila na serikali ya Marekani ya miaka ya 1850. Kikubwa pale sio hata nusu yenyewe, ni kwamba makabila yamekuwa wasimamizi sambamba na serikali ya jimbo, yana wanabaiolojia yao, kabla ya msimu pande zote zinakaa na makadirio zinabishana mpaka zinakubaliana. Hakuna daftari kabatini, na hakuna anayechukua akatokomea.

Kaskazi: Hiyo naikubali. Lakini pale kila upande unaona namba za mwenzie, Mleta mada yeye anataka kuficha.

Mleta mada: Nimesema ramani ya mazalia, sijasema idadi. Idadi toeni, pointi za GPS niachieni. Soma tena.

Bintibahari: Kaskazi lile neno la wazee bado liko pale juu.

Kaskazi: La wazee nalifuta. La nyangumi silifuti.