Mama anakuja Uingereza mara ya kwanza: nimtembeze wapi Skipton na maeneo ya jirani?

binti_wa_mlola
Wakuu habari za jioni. Mama yangu anakuja mwezi wa tano kutoka Lushoto. Niko Bradford, kazi ya hospitali, na siku za mapumziko nilizopata zikafuatana ni Jumatatu na Jumanne tu. London nimeifuta, nauli inamaliza bajeti, na mwenyewe kasema hataki mji wa kukimbizana. Nimeona bora Skipton, mji mdogo huku huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, maana treni inatoka stesheni ya Forster Square hapa Bradford moja kwa moja na haichukui hata dakika 45.

Ana miaka 68, mwalimu mstaafu. Tambarare anatembea vizuri, ngazi ndizo adui wa magoti yake. Ni Mwislamu, kwa hiyo chakula kiangaliwe. Sina gari. Orodha yangu: ngome, Bolton Abbey (magofu ya monasteri), Malham Cove, treni ya mvuke, daraja la reli la Ribblehead. Vyote vitaingia?

Kitumbua Leeds
Haviingii dada, utamrudisha mama Lushoto na magoti mabovu zaidi.

Jumatatu ifanye ya Skipton tu, una bahati ni siku ya gulio. Gulio ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mimi nilimpeleka shemeji Jumanne, nimemsifia mji njia nzima, tukakuta magari yameegeshwa pale penye meza za wachuuzi. Mpaka leo ananitania. Siku ya gulio meza zinapangwa juu ya mawe pande zote mbili za High Street, kuanzia chini hadi kule juu kwenye kanisa na lango la ngome. Jibini, soksi za sufu, miche ya maua, sufuria, vyote vipo.

Ngome ina zaidi ya miaka 900 na bado ina paa, si magofu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ilizingirwa miaka mitatu, ikasalimu amri Desemba 1645. Ngazi humo ndani ni nyingi, za mawe, nyingine za kuzunguka, kwa hiyo vyumba vya juu mama aviache. Mkalishe kwenye ule ua wa katikati wenye mti wa yew, mti wa kule usiopukutisha majani. Lady Anne Clifford, aliyeikarabati ngome baada ya vita, ndiye aliyeupanda mwaka 1659. Mti mmoja tu, umeujaza ua mzima.

ngwasuma_original
Malham usiiache! Ukuta wa chokaa wa mita 80 hivi umesimama mbele yako kama umekatwa kwa panga. Kufika chini yake si lazima upande, kuna njia nzuri kutoka kijijini.

Kitumbua Leeds
@ngwasuma_original wewe una gari mkuu. Yeye atasubiri basi, na mabasi ya kule ni ya kuhesabu. Likikuacha unalala na kondoo.

BibiHarusi77
Chakula sasa. Mji huo unajivunia pai, na ile maarufu ni ya nguruwe, muulize muuzaji kabla mama hajaonja. Samaki na chipsi nako usijiamini: Yorkshire wengi wanakaangia shahamu ya ng'ombe, siyo mafuta ya mimea. Mimi nilikula miaka miwili sijui 😭 Fungasha chapati na kuku kutoka huko huko Bradford, halali imejaa. Mle kando ya mfereji.

Mfereji wenyewe unatoka Leeds hadi Liverpool, maili 127, na pale mjini kuna boti za nusu saa. Kwa magoti hayo boti inamfaa kuliko ngome.

mzeewastesheni
Kwa kuwa mama ni mwalimu: ukumbi wa mji una makumbusho, bure kabisa, angalieni tu saa za kufungua. Mle kwenye kioo kuna nakala ya mkusanyiko wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare, wa 1623. Kama aliwahi kufundisha Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, mzizi wake ni huo.

Jumanne pandeni treni ya Carlisle. Ukibaki ndani hulioni daraja, maana uko juu yake! Shukeni Ribblehead, kituo kiko kabla ya daraja. Matao 24, urefu mita 400, na upepo wa kuvua kilemba. Hakikisheni kwanza saa ya treni ya kurudi. Ya mvuke iacheni, kituo chake kiko Embsay, nje ya mji, na haiendi kila siku.

binti_wa_mlola
Nimewaelewa. Malham na Bolton Abbey nitazitafutia mwenye gari.

binti_wa_mlola
MREJESHO. Tumerudi salama. Ngome alizunguka kidogo, akakaa chini ya mti nusu saa nzima. Kile kitabu alikisogelea mpaka pumzi ikaweka ukungu kwenye kioo, akasema, "Herufi zao nazo zilikuwa mbovu."

Lakini kilichomfurahisha kilikuwa kwenye treni ya Jumanne. Kondoo wa milimani wamepakwa rangi mgongoni, wengine bluu, wengine nyekundu. Mama akauliza, "Hizo ni alama za wenyewe?" Mzee wa Kizungu kiti cha mbele akataka kujua kasema nini, nikawa mkalimani hadi tuliposhuka. Akaeleza kwamba mlima hauna uzio, wafugaji wanachangia malisho, kwa hiyo kila mmoja ana rangi yake na mahali pake pa kuipaka. Mama akasema, "Mwambie, babu yangu alikuwa anawakata sikio." Nikamwambia. Yule mzee akashika sikio lake mwenyewe akicheka: na wao hukata.